Tatu ya Mwalimu Elpidius

Mwalimu Elpidius Rwegoshora alikuwa na jambo moja ambalo walimu wengi wa hesabu hawana: hesabu ilimshinda tangu utoto, na hakuona haya kulisema. Kidato cha nne alipata F iliyonyooka kama mkaratusi. Akisimulia, alisema namba zilimpita kama basi la Mwanza linavyompita mtu barabarani, likamwachia vumbi na honi.

Alipopangiwa shule ya msingi moja ya kata ya Kamuli, kule Kyerwa, mwalimu mkuu alikuwa Mama Benadeta Kokuhirwa. Siku ya kwanza alimwuliza, "Somo gani linakushinda, mwanangu?" Elpidius akajibu kwa moyo mweupe, "Hesabu, mama." Mama Benadeta akashusha pumzi, akachukua kalamu, akaandika kwenye ratiba: Hesabu, darasa la pili na la tatu, Elpidius. Kumbe walimu wote saba waliomtangulia walikuwa wamejibu hivyo hivyo, na mgeni hachagui jembe.

Ugeni wenyewe ulikuwa wa nusu. Baba yake alikuwa Mnyambo wa Karagwe hasa, lakini askari polisi, na serikali ilimzungusha Tabora, Dodoma, Mbeya mpaka alipostaafu. Elpidius alizaliwa kota za polisi, akakulia kota za polisi. Kinyambo chake kiliishia kwenye salamu. Ukimwamkia aliitika vizuri, ukiongeza sentensi ya pili alicheka tu na kuinamisha kichwa. Wazee wa Kamuli walimwita Mnyambo wa kwenye karatasi, naye hakukasirika, maana ndivyo ilivyokuwa.

Lakini watoto walimwelewa. Aliyepotea sana njiani ndiye ajuaye kuelekeza, na Elpidius alijua kila kichochoro mtu anachoweza kupotelea kati ya moja na mia. Hakuwahi kumwambia mtoto "wewe ni mjinga", kwa sababu yeye mwenyewe aliambiwa hivyo miaka saba mfululizo na alikumbuka ladha yake. Basi Mama Benadeta, aliyekuwa na jicho la kuona watu, akampeleka semina ya wiki sita, na aliporudi akampa kitengo.

Kitengo ndilo darasa la watoto wenye ulemavu, pamoja na wale ambao namba na herufi zimewakataa bila sababu inayoonekana. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya majembe, na mpaka leo kinanuka chuma na udongo. Watoto walikuwa tisa. Palikuwa na Celestina, ambaye macho yake yaliona ukungu mtupu. Elpidius alimfungia mafundo kwenye kamba ya mgomba, fundo dogo kwa moja, fundo kubwa kwa kumi, akawa anahesabu kwa vidole haraka kuliko mwalimu mwenyewe. Palikuwa na Egbert, kijana mkubwa wa miaka kumi na minne mwenye akili ya mtoto wa miaka sita na roho nzuri kuliko sisi wote.

Egbert alikuwa na tatizo na kutoa.

"Egbert, kumi kutoa tatu."

"Namtolea nani, mwalimu?"

"Humtolei mtu. Unatoa tu."

"Haiwezekani. Kutoa ni kumpa mtu."

"Haya, mpe Celestina."

"Celestina nampa tano," alisema Egbert. "Tatu ni chache, atanuna."

Elpidius alitafuta neno lingine wiki nzima. Mwishowe akasema kumi zilikuwa ndizi na nyani kaja kuzila tatu. Egbert hakuwa na huruma na nyani. Tangu siku hiyo alitoa vizuri kabisa, ila kila jibu lilifuatiwa na tusi dogo kwa huyo nyani.

Hivyo ndivyo kitengo kilivyokwenda, polepole, kwa vicheko, mpaka alipokuja Dusabe.

Dusabe alikuwa msichana wa miaka kumi, kiziwi tangu kuzaliwa. Baba yake, Nsanzimana, alilima kibarua kwenye shamba la kahawa la mtu na kijishamba chake mwenyewe jioni. Ukoo wao ulitoka Rwanda enzi za babu. Mama yake Dusabe alifariki, akalelewa na bibi, mama wa Nsanzimana, jina lake Nikuze. Mtoto hakuwahi kwenda shule. Siku baba alipomleta alisimama mlangoni kwa miguu iliyooshwa vizuri, akasema, "Mwalimu, hasikii, lakini si mkaidi." Halafu akaondoka haraka, kama mtu aliyekuja kuomba kitu na hataki kuonekana akiomba.

Elpidius alimpenda mtoto siku hiyo hiyo. Macho yake yalikuwa makali, hayakukosa kitu. Namba za kuandika alizijua tayari, moja mpaka thelathini na moja, na mwalimu alishangaa nani alimfundisha. Aliandika tano yenye tumbo zuri na tisa yenye mkia.

Taabu ilianza kwenye kujumlisha. Kwa kuwa mtoto hasikii, Elpidius alimwuliza kwa mikono. Aliinua vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, kama alivyoinua maisha yake yote, kisha kimoja, kisha akainua nyusi kuuliza. Dusabe aliandika kwenye daftari: 7.

Mwalimu akatikisa kichwa, akaweka mkasi, yaani ile alama ya kosa. Akauliza tena, tatu na mbili. Dusabe akaandika 8. Mkasi. Tatu na tatu. Dusabe akafikiri kidogo, akaandika 12. Mkasi. Mwalimu alipofungua kiganja chote kuonyesha tano, mtoto alikitazama kile kiganja, akatazama nyuma yake kuona mwalimu anampungia nani, akaacha mstari wazi.

Wiki tatu zikapita hivyo. Daftari lilijaa mikasi kama duka la fundi cherehani. Elpidius aliandika kwenye kumbukumbu zake: Dusabe, anakisia. Angalieni neno hilo. Ndilo waliloandika kwake yeye zamani.

Naye mtoto alikuwa anamtazama mwalimu wake kwa namna mpya, midomo imebanwa, kama mama mkwe anavyotazama mboga iliyoungua.

Siku ya siku ilikuwa Jumanne. Elpidius, aliyechoka na mvua na usingizi mbaya, aliandika ubaoni 2 + 3 =, akamwita Dusabe mbele. Dusabe akaja. Akausoma ubao, akamgeukia mwalimu, na badala ya kushika chaki akainua mkono wa kulia, akaukunja ngumi, akaipeleka mbele ya pua ya mwalimu. Akaishikilia hapo.

Kisha Egbert akacheka, na kicheko cha Egbert kinaambukiza kuliko surua.

Elpidius alijua kuvumilia mambo mengi, lakini alikulia kota za polisi, na ngumi ya puani huko ina maana moja tu. Akamshusha mkono. Mtoto akaurudisha juu. Akamshusha tena. Ukarudi juu. Basi akamshika begani, akamtoa nje, akamsimamisha karibu na tanki la maji, akafunga mlango. Kila alipochungulia dirishani alimwona amesimama pale pale, mkono juu, ngumi imefungwa, mpaka kengele ya kipindi. Hilo ndilo lililomkasirisha zaidi.

Jioni akamwambia mwalimu mkuu, "Mama, Dusabe kanionyesha ngumi."

Mama Benadeta akaweka kikombe chini. "Mtoto wa Nsanzimana? Ngumi?"

"Ya puani."

"Basi mwandikie mzazi."

Akaandika. Barua ilikuwa ya adabu, na neno ngumi lilikuwemo mara mbili. Kesho yake Dusabe hakuja. Keshokutwa hakuja. Juma la pili Elpidius akatuma ujumbe, na jibu la Nsanzimana likarudi kwa mdomo wa jirani: tunamshukuru sana mwalimu kwa wema wake, mtoto hatasumbua tena. Halafu Mama Benadeta akaleta habari aliyoisikia kanisani: shangazi yake Dusabe, anayepikia wageni kwenye nyumba ya kulala wageni Nkwenda, atakuja Jumapili kumchukua akamsaidie kuosha vyombo.

"Akienda huko," alisema Mama Benadeta, "ndiyo basi. Masahani hayaishi."

Elpidius hakulala vizuri tena. Alijiambia kosa ni la mtoto, akajiambia hivyo mara nyingi, na jambo ambalo mtu anajiambia mara nyingi aghalabu si la kweli.

Ijumaa hiyo ilikuwa siku ya gulio Nkwenda, naye akapanda bodaboda kwenda kutafuta makatoni matupu ya kuandikia namba kubwa za Celestina. Sokoni palikuwa na Fuso la ndizi likipakia kwenda Mwanza. Betri yake ilikuwa mbovu, ukilizima haliwaki mpaka lisukumwe na ukoo mzima, kwa hiyo injini iliachwa ingurume, na kwa ngurumo ile hakuna aliyemsikia mwenzake. Chini alisimama karani wa ndizi, mzee Telesfori, penseli sikioni. Juu walisimama wapakiaji wawili. Telesfori aliinua mkono, wapakiaji walitazama, mikungu ikapanda. Kimya kimya, safi kabisa.

Elpidius alisimama kutazama, makatoni kwapani. Telesfori akainua vidole vitatu. Mikungu ikapanda: mmoja, miwili, mitatu, minne, mitano, sita. Telesfori akaandika, akaridhika.

Mwalimu akaona dhuluma waziwazi. Akasogea mpaka sikioni kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Samahani, sipendi kuingilia. Unaibiwa."

"Na nani?"

"Na hao wa juu. Umeonyesha mitatu, wamepakia sita. Nimehesabu mwenyewe."

Telesfori akamtazama kuanzia viatu. "Umehesabu wewe."

"Mimi ni mwalimu wa hesabu."

Mzee akawageukia wapakiaji, akawapigia ukelele wa Kinyambo, na neno pekee alilolishika Elpidius lilikuwa "mwalimu". Wapakiaji wakaegemea mikungu wakicheka mpaka dereva akashuka kuuliza kuna nini.

"Njoo hapa, mwalimu wa hesabu," alisema Telesfori. Akainua mkono: vidole vitatu wima, gumba limekibana kile kidogo cha mwisho. "Hii ngapi?"

"Tatu."

"Hii ni sita. Mukaaga. Tatu ni hii." Akabadili: sasa gumba lilikibana kidole cha shahada, na vitatu vya upande ule mwingine vikasimama. "Umeona? Vidole ni vitatu hapa na vitatu pale, lakini si ndugu."

"Nani kasema?"

"Waliokuwepo kabla ya shule yako. Mnyambo, Mhaya, Mnyarwanda, wazee wote wa huku wanahesabu hivi. Vijana ndio wameacha. Sisi wa Fuso hatujaacha kwa sababu ya makelele. Wewe jina lako nani?"

"Rwegoshora."

"Rwegoshora, na hujui mukaaga." Mzee alisikitika kweli kweli. "Haya, na hii?"

Akafunga ngumi.

Makatoni yalikuwa yameanza kumteleza Elpidius kwapani.

"Tano," alisema Telesfori. "Vidole vyako vyote vitano umevikunja pamoja, hakuna kinachopotea. Ukiviacha wazi vile mnavyofanya ninyi, huhesabu, unaaga watu."

Mwalimu akakaa. Alikalia alichokipata nyuma yake.

"Usikalie ndizi za watu, mwalimu."

Akainuka. Tatu na moja, saba. Tatu na mbili, nane. Tatu na tatu, kumi na mbili. Aliona daftari zima likipita mbele ya macho yake, ukurasa kwa ukurasa, na kila mkasi ulikuwa wake. Mtoto alikuwa anajibu sawasawa maswali ambayo mwalimu hakujua kwamba anayauliza. Halafu akaona mkono ulioinuliwa karibu na tanki la maji, kipindi kizima, na sasa akajua kwa nini haukushuka. Jibu lilikuwa sahihi, angelishushaje?

"Mzee Telesfori," alisema, "nifundishe mpaka kumi."

"Nina lori hapa."

"Nitapakia."

Basi mwalimu wa serikali akapakia mikungu arobaini kwa shati jeupe, na kila baada ya mitano au sita mzee alimwonyesha namba moja. Alizishika nyingi. Saba na tisa zilimtoka njiani.

Jumamosi asubuhi alipanda kwa miguu kwenda kwa Nsanzimana, lile shati likiwa bado na utomvu, maana utomvu wa ndizi hautoki. Kichwani mwake mlikuwa na jambo moja tu: shangazi anakuja kesho.

Nikuze, yule bibi, alikuwa uani akimenya ndizi, rundo kubwa, la kumkaribishia binti yake, yule shangazi. Nsanzimana alitoka nyuma ya nyumba akipangusa mikono. Alipomwona mwalimu, uso wake ukafungwa.

"Karibu, mwalimu. Kuna kosa lingine?"

"Lipo. Langu."

Nsanzimana hakupenda jibu hilo. "Mwalimu hakosei. Tafadhali kaa. Mtoto tumeshamsema, na kesho anaondoka, hamtasumbuka naye. Sisi watu wa kibarua hatutafuti maneno na shule."

"Hakunitishia. Alikuwa ananijibu."

"Barua ilisema ngumi."

Bibi hakuinua kichwa kwenye ndizi zake. "Ngumi ipi hiyo inayosemwa kila siku humu ndani? Hakuna aliyenionyesha."

Elpidius akafunga mkono, akamwonyesha.

Kisu cha Nikuze kikasimama. Akautazama mkono, akamtazama mwanawe. "Wewe. Uliniambia mtoto amepigana."

"Mama, barua..."

"Hii ni tano."

"Barua iliandika ngumi, mama, mimi ningejuaje ni ngumi ya namna gani?"

Bibi akaanza kucheka, akacheka mpaka kisu kikaanguka kwenye maganda. Kisha akaacha ghafla. "Kwa hiyo mjukuu wangu anakwenda kuosha masahani kwa sababu mbili na tatu ni tano."

Nsanzimana akainama, akamwokotea kisu.

"Ni mimi niliyemfundisha," alisema Nikuze, polepole sasa. "Mtoto hana masikio, ningemwambiaje leo ni tarehe ngapi? Namwonyesha mkono, namwonyesha kalenda ya parokia. Kila asubuhi. Mpaka thelathini na moja."

Elpidius akaomba aitwe Dusabe.

Alikuja na ndoo ya maji kichwani, akaitua, akamwona mwalimu, akaangalia pembeni. Elpidius alikuwa ameandaa maneno mazuri usiku kucha, sasa akakumbuka maneno hayana kazi hapa. Akachuchumaa. Akafunga ngumi, akaionyesha. Akachora mchangani 5. Kisha akainua vidole vyake vitatu vya siku zote, akachora 3, akaifuta kwa kiganja, akachora 6. Kisha akajinyooshea kidole kifuani, akajichora yeye mwenyewe mkasi kwenye paji la uso kwa vumbi.

Dusabe aliitazama ile alama ya vumbi. Akamgeukia bibi yake, mikono ikaenda mbio.

"Anauliza," alisema Nikuze, "kama ni kweli ulikuwa hujui kuhesabu, au ulikuwa unamfanyia ukatili."

"Mwambie nilikuwa sijui."

Mikono ikaenda tena.

"Anasema alishuku hivyo tangu siku ya pili. Alikuwa anakuonea huruma. Anataka kuona unajua mpaka wapi."

Nsanzimana akafunika macho kwa mkono. "Mama, huyu ni mwalimu."

"Ndiyo, na huyu ni mwalimu wake. Kaa kimya."

Ukaanza mtihani. Moja, mbili, nne zikapita. Tatu ikapita, na hapo Dusabe alisogea karibu kuhakikisha gumba limebana kidole kinachostahili. Tano ikapita. Sita ikapita. Saba, ambayo kidole cha kati kinalala na wenzake wanasimama, alilaza cha pete. Akasahihishwa kwa kupigwa kofi dogo la kidole. Nane ikapita kwa shida. Tisa ikagoma. Alikunja hiki, akainua kile, akapata kitu kisichokuwa namba wala salamu.

Dusabe akamshika mkono wa shati, akamwongoza mpaka upenuni, akamsimamisha kwenye jua, akarudi ndani.

"Anafanya nini?" aliuliza Nsanzimana.

"Anafundisha kama alivyofundishwa," alisema bibi.

Mwalimu akasimama nje akikunja na kukunjua. Jirani mmoja mwenye jembe akapita njiani.

"Shikamoo, mwalimu. Mbona umesimama nje?"

"Marahaba. Nimekosa tisa."

"Pole sana," alisema jirani, akaendelea na safari yake.

Iliposimama sawa, tisa yenyewe, kidole kimekunjwa kama ndoano, Dusabe akaichungulia toka mlangoni, akaizunguka, akaitikia kwa kichwa. Mwalimu akaruhusiwa kuingia. Nsanzimana alikuwa amekwisha kutoa kigoda, na kwa mara ya kwanza pembe za mdomo wake zilikuwa zinamshinda.

Elpidius akadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Dusabe aliingia ndani akarudi na daftari, akaliweka magotini pa mwalimu, akampa penseli.

Basi akaanza kusahihisha upya. Andalio la masomo alikuwa nalo mkobani, kwa hiyo kila swali alilijua. Hapa alionyesha tatu na moja. Mtoto alisoma sita na moja, akaandika saba. Akafuta mkasi, akaweka vema. Nane: vema. Kumi na mbili: vema, kubwa. Pale palipoachwa wazi akaandika kwa herufi ndogo, "Mwalimu hakuuliza kitu." Dusabe alifuatilia kila alama kwa ncha ya kidole, bibi akimenya, baba akitazama juu ya bega. Kurasa nne, tano, sita. Vema, vema, vema. Mkono wa Elpidius ukaanza kwenda kwa furaha, na furaha ya mtu mwenye hatia ni hatari, inataka kulipa zaidi ya ilichovunja.

Ukurasa wa saba akasita. Swali lilikuwa tatu na nne. Kwa mkono wa Dusabe, sita na nne. Mtoto aliandika 9.

Penseli ikasimama hewani. Ungekuwa urahisi ulioje kuweka vema hapo. Nani angejua? Mtoto alikuwa amedhulumiwa mwezi mzima. Kosa moja si lingesamehewa tu? Nsanzimana mwenyewe, aliyekwisha kupiga hesabu kimoyomoyo, alisogeza uso pembeni kumpa mwalimu nafasi.

Elpidius akauacha mkasi mahali pake. Akaugonga kwa penseli, akamtazama Dusabe.

Mtoto akakunja uso. Akavuta daftari, akaangalia. Akainua sita yake kwa mkono wa kulia, nne kwa wa kushoto, akazitazama, akaanza kuhesabu kwa midomo isiyo na sauti. Akahesabu tena toka mwanzo. Kisha akapokonya penseli, akafuta tisa kwa nguvu mpaka karatasi ikachubuka, akaandika 10. Akampa mwalimu penseli bila kumtazama usoni, kama fundi anavyompa fundi mwenzake nyundo. Akasogeza ndoo, akaikalia karibu na kigoda, goti kwa goti, akamfungulia ukurasa unaofuata.

Walipomaliza, Nsanzimana alikuwa hayupo pale. Alikuwa amesimama kwenye migomba, simu sikioni, anazungumza na dada yake Costansia kwa sauti ya mtu anayedhani Nkwenda iko ng'ambo ya ziwa.

"Dada, usije kumchukua... Hapana, si mgonjwa... Shule... Ndiyo, hiyo hiyo ya ngumi... Hapana, dada, masikio ni yale yale. Aliyepona ni mwalimu."

Upande wa pili kulikuwa na maneno mengi. Nsanzimana aliyapokea yote kwa subira.

"Anasemaje?" aliuliza Nikuze.

"Anauliza masahani ya wageni ataosha nani."

"Mwambie ana mikono miwili."

"Anasema pia anakuja hata hivyo, kwa kuwa umeshamenya ndizi."

"Aje," alisema bibi. "Ni nyingi."

Elpidius alizuiliwa asiondoke mpaka ale, na walipokuwa wanangoja sufuria ichemke Dusabe alitoweka. Akaonekana nyuma ya nyumba, ameishika sketi ya shule, anaisugua kwenye beseni kwa sabuni nyingi kuliko baba yake alivyoweza kutazama bila kuguna. Mawingu yalikuwa yanapanda kutoka upande wa Rwanda, mazito, na kamba ya kuanikia ilikuwa uani. Bibi akamwonyesha mbingu. Dusabe akaikamua sketi, akaibeba mpaka jikoni, akaitundika juu ya moto wa ndizi.

"Itanuka moshi," alisema Nsanzimana.

"Mpaka Jumatatu itakuwa imekauka," alisema Nikuze, akasogeza kuni.